Kuoza si kuvunda: kutambua kinachosumbua lundo lako la mboji

Taka za kuoza zina njia mbili. Zikipata hewa na unyevu wa kiasi, zinaoza: zinapata joto, zinashuka, na mwishowe zinanukia kama udongo ulioguswa na mvua ya kwanza. Zikinyimwa hewa, zinavunda. Dampo ni mahali pa njia ya pili. Taka humwagwa, hushindiliwa kwa mashine, hufunikwa, na huko chini bakteria wasiohitaji oksijeni huanza kutoa methani, gesi ambayo kwa kipimo cha miaka 100 hunasa joto takriban mara 28 kuliko uzito uleule wa hewa ukaa. Maji yanayochuruzika kutoka humo hubeba kila alichotupa mtu, pamoja na metali za betri zilizochanganyika na maganda ya viazi.

Nimeanza na dampo kwa sababu lundo la mboji linaloleta kero, mara nyingi ukilifungua, ni dampo dogo lililojengwa uani. Limeshindiliwa, limelowa, limefunikwa. Mwenye lundo naye akisikia uvundo hukimbilia kutia kitu: chokaa, majivu, sukari, hamira, au ule unga wa pakiti wa kuharakisha mboji. Bakteria na kuvu wa kazi hiyo wako tayari kwenye majani na maganda yenyewe, hawahitaji kununuliwa. Wanachokosa ni hewa, maji, au mlo uliolingana. Ukitia kitu kabla ya kujua kipi kati ya hivyo vitatu kimepungua, unaongeza tatizo la pili juu ya la kwanza.

Pima kwanza

Vifaa unavyo mwilini. Pua inakuambia habari za hewa na naitrojeni. Mkono unakuambia habari za maji: chimba hadi katikati ya lundo, kwa kuwa ngozi ya juu hudanganya, chukua konzi moja na uikamue kwa nguvu zako zote. Yakitoka matone mawili matatu, unyevu ni karibu asilimia 50 hadi 60, na hapo ndipo panapotakiwa. Maji yakichuruzika hadi kwenye kiwiko, limelowa mno. Konzi likisambaratika ukifungua kiganja, ni kavu.

Joto lipime kwa kipimajoto kirefu kama unacho. Kama huna, chomeka nondo hadi katikati, iache dakika 10, kisha ichomoe na uishike. Ikikulazimisha kuiachia, ndani kunazidi nyuzi 50 za Selsiasi au karibu na hapo. Ikiwa vuguvugu tu, kazi inakwenda polepole. Ikiwa baridi, soma sehemu ya lundo lisilopata joto.

La mwisho ni kumbukumbu: wiki mbili zilizopita ulitia nini, kiasi gani? Swali hili hujibu nusu ya kesi.

Linanuka

Uliza kwanza ni harufu gani. Kuna tatu, na dawa zake hazifanani.

*Mayai viza.* Hiyo ni gesi ya salfa, dalili ya kwamba oksijeni imekwisha. Kamua konzi; karibu kila mara utakuta limelowa. Maji yakizidi asilimia 65 hivi hujaza vile vitundu ambavyo hewa ilipitia, na oksijeni hupenya majini polepole mno kuwatosha bakteria wa hewa. Lakini maji siyo sababu pekee. Majani ya nyasi yaliyokatwa kwa mashine na kumwagwa kwa wingi hushikana yakawa kama mkeka uliolowa. Kosa hilo nimelifanya mwenyewe: nilimwaga nyasi mbichi zikafika kimo cha goti, nikajisifu kwa kujaza lundo siku moja. Wiki iliyofuata nilipochoma uma sikukuta nyasi, nilikuta kitu cha kijani chenye ute, kinachonyanyuka kipande kizima. Majani makavu laini nayo yakilowa hulaliana kama kurasa za kitabu na kufunga hewa vilevile.

Dawa ni kulipangua lote na kulijenga upya pamoja na vitu vyenye mifupa: matawi yaliyokatwa vipande, mabua, maranda makubwa, maboksi yaliyochanwachanwa na kukunjwakunjwa. Vitu hivi havitiwi kwa ajili ya kuoza haraka. Vinatiwa ili visioze haraka, vibaki vimeshikilia nafasi ya hewa wakati vingine vinalainika. Chini kabisa weka matawi manene kiasi cha sentimita 15, kwa kuwa hewa huingia lundoni kutoka chini kama moshi unavyopanda. Siku ya kupangua harufu itazidi kabla haijapungua. Chagua saa ambayo majirani hawajafungua madirisha, na ukimaliza funika lundo kwa mboji iliyokwisha kukomaa unene wa sentimita 10 hivi. Tabaka hilo huchuja harufu vizuri kuliko karatasi yoyote ya plastiki, na halizuii hewa.

*Mkojo uliolala, unaowasha macho.* Hii ni amonia, na hapa hewa huenda ipo ya kutosha. Kilichozidi ni naitrojeni. Vijidudu hula kaboni kwa ajili ya nguvu na naitrojeni kwa ajili ya kujenga miili, na mlo unaowafaa una sehemu 25 hadi 30 za kaboni kwa moja ya naitrojeni. Naitrojeni ikizidi, ile wasiyoitumia huruka hewani ikiwa amonia, na hapo ndipo mbolea yako inapopotelea mbele ya pua yako.

Mabaki ya jikoni na nyasi mbichi huwa na uwiano wa karibu 15 hadi 20 kwa moja. Samadi ya kuku iko chini zaidi, kwenye 10 au pungufu. Majani makavu ya miti huwa 40 hadi 80, mabua ya nafaka karibu 80, na unga wa mbao hupita mia kadhaa. Hakuna anayepima hivi kwa mizani uani. Ndoo moja ya vitu vibichi kwa ndoo mbili au tatu za vikavu inatosha kuanzia, kisha pua irekebishe. Neno "kikavu" hapa lina mtego: samadi iliyoanikwa hata ikawa unga, na nyasi zilizokauka zingali za kijani, bado ni chakula cha naitrojeni. Jua limeondoa maji tu.

Ukisikia amonia changanya majani makavu, mabua au maboksi hadi harufu ikatike. Unga wa mbao unafaa kwa kiasi kidogo, ukizidi hushindilia. Chokaa usiguse. Chokaa na majivu hupandisha pH (kipimo cha uchachu: kikipanda, uchachu umepungua), na pH ikipanda ndipo amonia inapozidi kuruka. Watu hutia chokaa "kuua harufu", na kesho yake jirani anagonga mlango.

*Siki, pombe iliyochacha.* Mara nyingi hutokea lundo likiwa changa na limejaa matunda au vyakula vya wanga vilivyopikwa. Sukari na wanga huliwa kwanza na kutoa asidi, pH ikashuka hadi kwenye 5 hivi. Kama hewa ipo, asidi yenyewe huliwa na hali hujirekebisha ndani ya siku chache. Kama haipo, uchachu hudumu na joto hukataa kupanda. Pindua, ongeza vitu vyenye mifupa, na changanya ndoo moja mbili za mboji iliyokomaa. Hapa pia chokaa ni haraka isiyo na faida.

Halipati joto

Lundo lililojengwa vizuri huanza kupanda joto ndani ya siku mbili hadi tano, likafika kati ya nyuzi 50 na 65. Likibaki baridi, fuata mpangilio huu.

Ukubwa kwanza. Joto hutoka kwa vijidudu, na lundo lenyewe ndilo blanketi lao. Chini ya mita moja kwa mita moja kwa mita moja, joto huvuja kuliko linavyozalishwa, hata kama mchanganyiko wako hauna dosari. Wengi wanaojaza kidogokidogo kwenye ndoo au pipa husubiri joto ambalo haliwezi kuja. Hilo si ugonjwa. Lundo baridi huoza pia, ila huchukua miezi sita hadi mwaka au zaidi, na haliui mbegu za magugu wala vijidudu vya maradhi. Ukilikubali hivyo, usilitie magugu yenye mbegu wala mimea iliyougua. Kinyesi cha mbwa na paka kiweke mbali na mboji ya bustani ya chakula kwa hali yoyote, maana mayai ya minyoo yake ni magumu kufa.

Kama ukubwa unatosha, rudi kwenye konzi. Likiwa kavu, vijidudu wamelala. Hawafi, wanasubiri maji. Lakini kumwaga maji juu ya lundo kavu ni kazi bure. Maji hutafuta mfereji wake, hupita na kutokea chini, na katikati kunabaki vumbi. Pangua, nyunyiza kila tabaka, rudisha. Likiwa limelowa na kunuka, umeshasoma dawa yake hapo juu.

Unyevu uko sawa, ukubwa uko sawa, halinuki kitu chochote, na majani bado yanaonekana kama siku ulipoyatia? Limekosa naitrojeni. Ni lundo la majani makavu na mbao tupu. Changanya nyasi mbichi, mabaki ya jikoni au samadi, na kwa kawaida utaona mvuke ndani ya siku tatu.

Kuna pia lile lililopata joto likapoa. Hili hujibu lenyewe ukilipindua. Joto likirudi, lilikuwa limekosa hewa katikati, au chakula kilikuwa kimebaki pembeni bila kuguswa. Joto lisiporudi ingawa unyevu upo, tazama ulichoshika: kama hutambui tena ganda wala jani, hakuna kilichoharibika. Lundo limemaliza awamu ya moto na linataka kuachwa likomae.

Limepata joto kupita kiasi

Joto ndilo linalosafisha mboji. Kanuni za Marekani za kushughulikia tope la maji taka, ambazo wengi wamezichukua kama kipimo cha mboji kwa jumla, zinataka nyuzi 55 kwa siku 15 kwenye malundo marefu yanayopinduliwa, na yapinduliwe angalau mara tano katika muda huo. Kwenye vyombo vilivyofungwa au malundo yanayopulizwa hewa ni siku tatu. Sababu ya kupindua ni kwamba ngozi ya nje haifiki nyuzi hizo. Lazima kila kipande kipate zamu ya kukaa katikati.

Juu ya nyuzi 65 au 70 wafanyakazi wenyewe wanaanza kufa. Pindua, ongeza maji wakati wa kupindua, punguza kimo. Ukikuta ndani kuna kitu cheupe-kijivu kama majivu, si lazima kiwe moto wala ukungu wa ugonjwa. Ni aktinobakteria, bakteria wanaokua kwa nyuzi ndefu na kula selulosi (nyuzinyuzi za mimea), na ndio wanaolipa lundo harufu ya udongo. Ila kama sehemu hiyo imekauka kabisa, wanakuambia lundo lina kiu.

Kwa lundo la nyumbani moto halisi ni nadra. Kwenye malundo makubwa, yanayopita mita tatu kwenda juu na kuachwa yakauke nusunusu, moto huwaka wenyewe, na kulichimbua ghafla lundo linalofuka moshi ni kulipa hewa liwake. Hiyo ni kazi ya zimamoto.

Funza, vinzi, panya, chungu

Vinzi vidogo vinavyoruka kila ukifunua ni vya matunda. Havina madhara, lakini vinaonyesha kwamba unatupa maganda juu na kuondoka. Chimba sentimita 20 au zaidi, tia, funika kwa majani makavu. Weka gunia la majani makavu kando ya lundo daima. Asiye nalo karibu hafuniki.

Funza ni wa aina mbili, na watu huwachoma wote bila kuuliza. Walio weupe, laini, wembamba upande mmoja, ni watoto wa nzi wa nyumbani, na dawa yao ni joto na kufunika. Walio wapana, bapa, wenye pingili na ngozi ngumu ya rangi ya hudhurungi, ni wa nzi-askari mweusi. Nzi huyu akikua haumi, na hana tabia ya kuvamia vyakula. Watoto wake humaliza mabaki ya jikoni kwa kasi ya ajabu, na katika nchi nyingi hufugwa kwa makusudi ili kula taka na kisha kulishwa kuku na samaki. Ukiwaona wengi mno, lundo lina chakula kibichi na maji kupita kiasi. Ukiweza kuwavumilia, waache.

Panya hawafuati mboji, wanafuata nyama, samaki, mafuta na vyakula vilivyopikwa. Vitu hivyo vinaoza, na mitambo mikubwa ya mboji huvipokea, lakini lundo la wazi uani si mahali pake. Kama panya wameshahamia, acha kuvitia, tandika wavu wa chuma wenye matundu yasiyozidi milimita 6 chini na pembeni, na pindua mara kwa mara, kwa sababu hakuna mnyama anayependa kitanda kinachovunjwa kila juma. Chungu wakijenga ndani, lundo ni kavu.

Taka mchanganyiko zimeingia na visivyooza

Hapa ndipo miradi ya kukusanya taka za watu wengi hukwama. Dampo hupokea chochote, na mazoea hayo huhamia kwenye ndoo ya mboji: vibandiko vya matunda, mifuko ya chai yenye nyuzi za plastiki, vijiko, vioo. Kioo kikishavunjika ndani ya lundo hakitolewi. Chekeche hutoa kipande kikubwa, kile kidogo kinakwenda bustanini kikisubiri kidole. Hakuna dawa baada ya tukio. Kutenganisha hufanyika jikoni, kabla ndoo haijatoka.

Mifuko na vikombe vilivyoandikwa kwamba "vinaoza" ni kero ya peke yake. Plastiki ya PLA, inayotengenezwa kwa wanga wa mimea, hutaka joto la karibu nyuzi 58 lidumu wiki kadhaa, hali inayopatikana kiwandani. Kwenye lundo lako utaikuta baada ya mwaka ikiwa na maandishi yake yote.

Lakini si kila kinachobakia ni uchafu. Kokwa, vijiti, vibunzi vya mahindi na maganda ya mayai huchelewa tu. Vichekeche na uvirudishe kwenye lundo jipya, navyo vinabeba vijidudu vya kuanzia.

Mboji inaonekana nzuri, mimea inanyauka

Sababu ya kwanza ni haraka. Mboji changa bado inaliwa, na vijidudu vyake hunyang'anya naitrojeni iliyomo udongoni, hivyo majani ya mmea hugeuka manjano. Pia ina asidi zinazochoma mizizi michanga. Jaribio ni rahisi: tia konzi mbili za mboji yenye unyevu ndani ya mfuko, ufunge, uuache siku tatu mahali pa kivuli. Ukifungua ukakuta uvundo au uchachu, irudishe ikomae mwezi mmoja au miwili zaidi. Ikinukia udongo, endelea.

Sababu ya pili ni chumvi, hasa kama samadi ilikuwa nyingi. Usipande kwenye mboji tupu. Ichanganye na udongo, sehemu moja kwa tatu au nne.

Sababu ya tatu ndiyo inayowachanganya watu, kwa kuwa mboji yenyewe haina kosa lolote kwa pua, mkono wala jicho. Ziko dawa za kuua magugu, klopiralidi na aminopiralidi, ambazo hupuliziwa kwenye nyasi za malisho. Mnyama hula nyasi, dawa inapita tumboni bila kuvunjika, inatoka na samadi, na inaweza kuvuka hata lundo la moto. Nyanya, maharage na jamii yake hukunja majani kama kikombe na kujisokota shina kwa kiasi kidogo sana cha dawa hiyo. Kabla ya kutumia samadi au nyasi kavu za mtu usiyemjua, panda maharage kwenye vyungu vitatu vyenye mboji hiyo na vitatu visivyokuwa nayo. Wiki tatu zinatosha. Majani yakijikunja kwenye vile vitatu vya kwanza tu, usiipeleke kwenye mboga. Itandaze penye nyasi na uiachie udongo muda mrefu.

Na magugu yakichipua kila ulipotia mboji, lundo halikufika joto la kuua mbegu, au lilifika katikati tu na pembeni hapakuwahi kuingia ndani.

Unapopindua au kuchekecha mboji kavu, vaa barakoa na uinyunyizie maji kwanza, kwa kuwa vumbi lake limejaa mbegu za kuvu. Osha mikono kabla ya kula.

Haliishi, na halijai

Malalamiko haya mawili huja pamoja. Mtu hutia kila siku kwa mwaka mzima, lundo linabaki kimo kilekile, na kila akichimba anakuta maganda ya jana. La kutojaa si tatizo: taka hupoteza nusu ya ujazo wake au zaidi, ikitoka kama hewa ukaa na mvuke. La kutoisha linatokana na mkono wake mwenyewe. Kila ndoo mpya huanzisha saa upya.

Gawa sehemu iwe na malundo mawili. La kwanza likifika mita moja kila upande, lifunge siku hiyohiyo, usilitie tena hata ganda moja. Lipindue kila baada ya siku tatu hadi saba likiwa la moto, kisha likipoa uliache likomae. Ndoo ya jikoni iende kwa la pili. Na wa nyumbani wote waonyeshwe lipi limefungwa, maana yupo mmoja ambaye usiku atatupa maganda popote palipo karibu.